Lami, minazi na wageni: nani atabaki na shamba Pangani?

Daraja la Mto Pangani, lenye urefu wa mita 525, linabadilisha bei ya kila shamba la minazi kutoka Bweni hadi Mkwaja, hata lile ambalo mwenyewe hana habari kwamba linazungumzwa. Mwishoni mwa 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za barabara ya pwani inayounganisha Tanzania na Kenya, na daraja hili ndilo kiungo chake kigumu. Kwa miaka yote, kila kinachokwenda ng'ambo ya kusini kimesubiri kivuko: mgonjwa, tenga la samaki, gari la mtalii. Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50 tu, lakini kwa vumbi na mashimo zilikuwa safari ya kuchosha. Kusini ya mto njia inashuka hadi Bagamoyo ikipita upande wa Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako tembo na twiga wanaishi jirani kabisa na mchanga wa bahari. Mtu wa Dar es Salaam aliyezoea kuzunguka Chalinze, Segera na Muheza ili aone ufukwe wa Ushongo atakuja moja kwa moja kando ya bahari.

Habari hii ni njema. Mama mjamzito wa Kipumbwi anaihitaji barabara hiyo kuliko mwenye hoteli yeyote. Lakini lami haileti wageni peke yao. Inaleta wanunuzi pia, na mara nyingi mnunuzi hutangulia mgeni. Ndiyo maana utalii unaweza kukua, vyumba vikajaa, picha za ufukwe zikaenea duniani, na watu wa pale pale wakawa wamehama au wanafua mashuka kwenye ardhi iliyokuwa ya babu yao. Jambo hilo lina sababu zake, na sababu hizo zinafahamika.

Tuanze na bei. Shamba la minazi la ufukweni lina bei mbili. Mkulima akipiga hesabu anahesabu mashina: mangapi yanazaa, mangapi yamezeeka, nazi zinaanguliwa mara ngapi kwa mwaka, makuti yanauzwaje. Mnunuzi wa kiwanja hana haja na mashina. Anapima upana wa mbele unaotazama bahari, anauliza umbali wa lami, anauliza umeme umefika wapi. Hesabu ya kwanza hutoa bei ndogo, ya pili hutoa bei kubwa mara nyingi zaidi, na pengo lililo kati yao huchukuliwa na yule aliyesikia habari mapema. Mara nyingi huyo ni dalali, au mtu mwenye rafiki ofisini aliyeona ramani. Mkulima anayeuza leo kwa hesabu ya mashina hajaibiwa mbele ya sheria, kwa sababu bei alikubali mwenyewe. Ameuza nazi, mwenzake amenunua bahari.

Hapo ndipo panapoanza fundo la pili, ambalo watu wa bara huwa wanalishangaa. Pwani yetu ina desturi ya zamani ambayo mtu anaweza kumiliki mnazi bila kumiliki ardhi uliposimama. Mmoja ana udongo, mwingine ana miti aliyopanda au kuirithi, na wote wawili wanatambulika na majirani. Juu ya hapo kuna mirathi. Shamba la babu halikugawanywa. Limeachwa liwe la ukoo, shangazi aliye karibu ndiye anayeangusha nazi, na warithi wengine wako Dar es Salaam, Mombasa au Unguja. Wakati mwingine safu kadhaa za minazi ni wakfu wa msikiti, na mafuta ya taa ya zamani yalinunuliwa kwa mavuno yake. Maadamu mali ni nazi, mkanganyiko huo hauumizi mtu. Mavuno yanagawanyika: fungu hili la huyu, fungu hili la yule, na asiyekuja kuchukua hutumiwa kwa basi.

Kiwanja hakigawanyiki namna hiyo. Anatokea mjukuu mmoja mwenye haraka, anaandika karatasi ya mauziano mbele ya mashahidi wawili, anapokea pesa, na shangazi anajua siku ukuta unapojengwa. Kesi za aina hii huchukua miaka mingi katika mabaraza ya ardhi, na zinapokwisha minazi imeshakatwa. Familia yenye shamba pwani ingefanya vizuri kukaa kitako sasa, kabla ya mnunuzi, na kuandika nani ana miti, nani ana ardhi na nani ana sauti ya kuuza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria nayo inasemaje? Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Nje ya mji wa Pangani, sehemu kubwa ya ukanda huu ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Halmashauri ya kijiji si mwenye mali. Ni mwangalizi, na ugawaji wake unahitaji idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji wakiwa wamekaa pamoja. Saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi, hata ikipigwa mhuri mara tatu.

Asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa, na hata hapo hupewa hati isiyo asili: anatumia ardhi kwa muda maalumu kupitia mamlaka ya serikali ya uwekezaji. Ili jambo hilo litendeke, eneo lazima kwanza litolewe kwenye ardhi ya kijiji na kuwa ardhi ya jumla, yaani ardhi isiyo tena chini ya kijiji. Kama halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, waziri huamua baada ya kupokea mapendekezo ya kijiji. Kuna jambo hapa ambalo sijasikia likielezwa vya kutosha kwenye mikutano: ardhi ikishahamishiwa kwenye ardhi ya jumla hairudi kijijini yenyewe. Mwekezaji anaweza kufilisika, hoteli ikaota magugu, na kijiji bado hakina haki ya kulima pale. Kwa hiyo uamuzi unaoonekana kuwa wa miaka 33 au 99, kwa kijiji ni wa kudumu.

Wengi hukwepa mlolongo huo kwa kutumia jina la raia. Raia ananunua kwa jina lake, pesa ni za mwingine, na mkataba wa siri uko kwenye bahasha. Njia hiyo ni hatari kwa wote wawili, na kwa kijiji ni hasara tupu, kwa sababu hakikuulizwa chochote.

Sasa tutoke Pangani kidogo, twende mahali palipotangulia. Ukanda wa Cinque Terre, kaskazini-magharibi mwa Italia, ni vijiji vitano vilivyobanwa kati ya mlima na bahari. Kwa karne nyingi watu wake walichonga mlima kuwa matuta ya ngazi, wakayashikilia kwa kuta za mawe yasiyotiwa saruji, wakapanda mizabibu. Divai yao tamu, Sciacchetrà, hutengenezwa kwa zabibu zilizokaushwa kwanza. UNESCO iliuweka ukanda huo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997, na mwaka 1999 ukawa hifadhi ya taifa. Wenyeji ni kama 4,000. Wageni wanaopita kwa mwaka wanahesabiwa kwa mamilioni.

Wageni hao wanakuja kuona nini? Matuta. Yaani wanakuja kuona kazi ya mkulima. Lakini mkulima yule yule aligundua kwamba chumba kimoja cha kupangisha kinaingiza pesa kuliko konde lenye mteremko mkali lisiloingia hata baiskeli. Watoto wake wakaenda kwenye mikahawa. Makonde yakaachwa, mawe yakalegea, hakuna wa kuyapanga upya baada ya mvua. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa kupita kiasi ilinyesha. Matope na mawe yakamiminika ndani ya vijiji vya Vernazza na Monterosso, watu wakafa. Mvua ile ingeleta maafa popote, lakini makonde yaliyotelekezwa yalikuwa miongoni mwa sehemu zilizoporomoka vibaya. Utalii ulikuwa umekula kuta zilizoushikilia. Leo sehemu ya pesa ya kadi wanayolipia wageni kupita kwenye njia za miguu hutumika kutunza njia hizo na hifadhi, na kuna jitihada za kuwarudisha vijana kwenye mizabibu. Ni kazi ya gharama kubwa kuliko ile ya kuzuia.

Nimechagua eneo la mizabibu makusudi. Kati ya sehemu zote zinazoishi kwa watalii, maeneo ya divai ndiyo yanayofanana zaidi na pwani yetu: mgeni anavutwa na zao, na zao linahitaji ardhi, na ardhi hiyo hiyo ndiyo mgeni anayotaka kuijenga. Zabibu zetu ziko Dodoma, kwenye ukavu, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka. Pwani haziwezi, unyevu wa bahari huleta ukungu kwenye majani na vichala. Zao letu la kunyweka ni mnazi.

Mgema hupanda asubuhi na jioni akiwa na kotama kiunoni, hukata ncha ya ua ambalo bado limefungwa ndani ya karara, na kufunga kibuyu chini yake. Utomvu unaotoka ni mtamu, mweupe kidogo, na ndani ya saa chache hamira ya asili iliyo hewani na kibuyuni huanza kuuchachusha. Asubuhi ni tamu, jioni ni kali, siku ya pili au ya tatu inaelekea kuwa siki. Hakuna chupa wala cheti cha kubadilisha tabia hiyo kwa urahisi. Divai husafiri kutoka Italia hadi Masaki. Tembo la mnazi halifiki salama hata Segera.

Wengi huona huo ni udhaifu. Mimi naona ndiyo ngao yetu. Kitu kisichosafiri kinamlazimisha mgeni asafiri yeye, afike chini ya mnazi wenyewe, amlipe aliyepanda juu. Ndiyo thamani ambayo maeneo ya divai yalilazimika kuitengeneza kwa sheria na matangazo, na sisi tumepewa na maumbile.

Najua ninachokigusa. Pangani ni mji wa Waislamu kwa sehemu kubwa, na wapo watakaosoma neno tembo na kufunga ukurasa. Nawaheshimu, na sidhani kijiji chochote kinapaswa kusukumwa kufungua vilabu ili kumfurahisha mtalii. Lakini zao ni mnazi mzima, pombe ni tawi lake moja tu. Tembo tamu lililotoka kugemwa ndilo lililokuwa likiumua mkate wa kumimina wa bibi zetu kabla ya hamira ya dukani. Kuna siki yake, kuna tui, kuna mafuta ya nazi, madafu, kamba za makumbi, makuti ya kuezekea hizo banda za ufukweni zinazopigwa picha. Lazima mtu achague pia, kwa sababu ua lililogemwa halizai nazi. Mnazi uliopewa mgema ni mnazi ulioondolewa kwenye tui. Hoteli inayonunua vitu hivi jirani inalipa kijiji hata kama haijamwajiri mtu mmoja wa pale. Ile inayoleta mafuta kwenye ndoo kutoka mjini na makuti ya plastiki kutoka nje inatumia mandhari yetu bure.

Na hapa lazima nimtaje mgema wa methali, yule ambaye akisifiwa tembo hulitia maji. Maeneo ya divai yalimwogopa mtu huyo kiasi cha kumtungia sheria. Bonde la Napa, kaskazini ya San Francisco huko Marekani, lilipopata sifa, wafanyabiashara walianza kuleta zabibu za mbali na kuzikamua Napa ili wapate jina. Kanuni ya wilaya ya mwaka 1990 ikaamuru viwanda vipya vya divai vitumie angalau asilimia 75 ya zabibu za Napa yenyewe. Maana yake ni kwamba sifa ya mahali haitenganishwi na shamba la mahali.

Napa walifanya jingine la mapema zaidi, na ndilo linalonivutia kuliko yote. Mwaka 1968, kabla sifa haijafika duniani, wilaya ile ilitenga bonde kuwa ardhi ya kilimo na kuweka ukubwa wa chini wa kiwanja: ekari 20, baadaye 40. Ukiwa na ekari 30 huwezi kuzikata vipande vya nyumba za mapumziko. Wakulima wenyewe wengi walipinga. Waliona serikali inawazuia kuuza kwa bei nzuri. Mwaka 1990 wapiga kura wakaongeza kufuli: ardhi hiyo isibadilishwe matumizi bila kura ya wananchi, na mwaka 2008 wakalirefusha kufuli hilo hadi 2058. Bonde limebaki mizabibu.

Sitaki kuwapamba. Kufuli hilo lililinda shamba, halikumlinda kibarua. Nyumba zikawa adimu na ghali, wavunaji wakawa wanalala mbali au kwenye magari, hadi wenye mashamba wakakubali kutozwa kiasi kwa kila ekari ya mzabibu ili kugharamia mabweni ya wafanyakazi. Pangani tunaweza kuona hilo likija: mpishi na dobi wa Ushongo watalala wapi kodi ikipanda?

Zana zinazofanana na hizo zipo kwenye sheria zetu, na hazihitaji mfadhili mkubwa. Ya kwanza ni mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007. Kijiji kinakaa, kinachora: hapa minazi, hapa makazi, hapa mikoko isiyoguswa, hapa hoteli zinaruhusiwa na kwa ukubwa gani. Mpango uliopitishwa na mkutano mkuu ni ngome, kwa sababu atakayekuja na ramani yake ataikuta ya kijiji mezani. Ya pili ni hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo inaweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke, au ya ukoo. Ya tatu haitumiki sana, nayo ni kupangisha badala ya kuuza. Mwenye shamba anabaki na shamba, mjenzi analipa kodi kila mwaka, halmashauri ya kijiji inaidhinisha, na mkataba unapanda pamoja na bei za wakati. Dalali haipendi njia hii kwa sababu haina pesa ya mkupuo. Kwa mwenye watoto wadogo ndiyo njia bora, na ningependa kuona wanasheria wa halmashauri ya wilaya wakiandaa mfano wa mkataba kwa Kiswahili chepesi, ubandikwe ofisi ya kila kijiji.

Kupanga shamba libaki shamba kuna maana ikiwa shamba lenyewe linaishi. Minazi ya pwani yetu mingi ni mirefu ya Afrika Mashariki, mingi imezeeka, na inaandamwa na ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao hudondosha nazi changa, hugeuza makuti manjano na mwisho huacha nguzo isiyo na kichwa. Hauna dawa ya kupulizia. Mdudu aitwaye chonga naye hutoboa moyo wa mti. Utafiti wa muda mrefu ulianza na mradi wa taifa wa minazi mwaka 1979, na kituo cha Mikocheni kimerithi kazi hiyo. Ushauri wake wa msingi ni kung'oa iliyoambukizwa na kupanda upya kwa mbegu iliyochaguliwa. Lakini mnazi mrefu huchukua miaka sita au saba kabla ya kuzaa vizuri. Nani atapanda leo ikiwa dalali amemwambia kwamba mwakani shamba litakuwa hoteli? Uvumi wa ardhi huua minazi kabla ya shoka. Hili nimeliona kwenye mashamba yasiyopaliliwa kwa sababu mwenyewe anangoja bei.

Tukijua tunachopoteza, tutazame Maziwe, kile kisiwa cha mchanga mbele ya Ushongo. Kilikuwa na mivinje, na kasa walipanda kutaga kwa wingi kuliko karibu popote nchini. Kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, mawimbi yakala mchanga usio na mizizi, na leo wakati wa bamvua maji yakijaa kisiwa chote kinazama. Mayai ya kasa wanaotaga hapo lazima yahamishiwe ufukwe wa Ushongo ili yasilowe. Kwa hiyo sheria ya mazingira ya 2004 inapokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari, kwa watu wa Pangani kanuni hiyo si ya vitabuni. Anayejenga ukuta wa zege mchangani ili bwawa lake la kuogelea likaribie maji anasukuma mawimbi yakale kwa jirani.

Mita 60 hizo zina kazi nyingine pia: ndizo njia ya watu. Wavuvi wa Kigombe na Kipumbwi wana madiko yao, mahali pa kuegesha ngalawa na kuuza samaki alfajiri. Akina mama hutembea mwambani maji yakipwa kutafuta pweza. Hoteli zikipangana bega kwa bega, hata kama kila moja imefuata sheria, kijia cha kufikia maji kinaweza kupotea bila mtu yeyote kutangaza kwamba amekifunga. Mpima anaweka bikoni kwa kuangalia kilichoandikwa, na njia ya mwenye tenga la pweza haijaandikwa popote. Basi katika mpango wa kijiji, kabla ya kuchora eneo la hoteli, ichorwe kwanza njia ya kila diko, upana wake kwa mita, na jina lake kama wanavyolitamka wavuvi wenyewe.